Kidingapopo na Uboho wa Mifupa: Kwa Nini Chembe Sahani Hushuka

Majira ya mvua yanapofika katika ukanda wetu wa pwani, hutokea wagonjwa ambao kipimo huonesha kuwa hawana malaria, lakini homa inawaka, kichwa kinauma hasa nyuma ya macho, na mifupa yote inalalamika kana kwamba imepigwa rungu. Wengine kati yao huwa wana homa ya dengue, ambayo Watanzania wanaifahamu pia kwa jina la kidingapopo. Mwaka 2014 ililisumbua jiji la Dar es Salaam, na mwaka 2019 ilirudi kwa nguvu kubwa zaidi, mikoa ya Dar es Salaam na Tanga ikiathirika kuliko mingine. Katika kuwatembelea wagonjwa tumekutana mara nyingi na swali lile lile kutoka kwa ndugu waliokaa kando ya kitanda: mbona kila damu ikipimwa, namba ya chembe sahani huwa imeshuka, na je, mgonjwa wetu aongezewe nini? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuanzia mahali ambapo watu wachache hupafikiria, yaani ndani ya mfupa.

Kabla ya kuingia humo, tuseme neno moja juu ya jina, kwa kuwa jina hili linatuhusu. Mwaka 1872 daktari Mwingereza James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza juu ya maradhi ambayo wenyeji waliyaita kidinga pepo. Alieleza kuwa yalienea Unguja mwaka 1870, na kwamba wazee waliyakumbuka tangu mwaka 1823. Wanahistoria wengi wa tiba wanaona kuwa neno dengue lilitokana na jina hilo la Kiswahili, likavuka bahari hadi visiwa vya Karibi na kupata matamshi ya Kihispania. Wengine huongeza, nasi tunaona wana hoja, kwamba maradhi aliyoyaeleza Christie huenda yalikuwa chikungunya, ambayo hufanana na dengue na kuenezwa na mbu yule yule. Vyovyote iwavyo, jina lenyewe linatueleza jinsi wazee wetu walivyoyaona maumivu yale: mtu anashikwa ghafla, viungo vinakakamaa, na watu wanasema amepatwa na pepo. Leo tunajua aliyemshika ni kirusi, tena kidogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haikioni.

Kila aliyewahi kugonga mfupa wa supu mezani ili anyonye kilichomo anaujua uboho, ambao wengine huuita uloto. Hata hivyo, uboho wa mfupa mrefu wa ng'ombe aliyekomaa mara nyingi ni wa manjano, wenye mafuta mengi. Uboho unaotengeneza damu ni mwekundu, na kwa mtu mzima hupatikana hasa katika nyonga, kidari, mbavu, pingili za uti wa mgongo na fuvu la kichwa. Ni kiwanda kisicholala. Kwa siku moja hutoa chembe nyekundu zipatazo bilioni 200, na chembe sahani zipatazo bilioni 100, mbali na chembe nyeupe zinazotulinda dhidi ya maradhi.

Chembe hizo zote, licha ya tofauti zake, zina asili moja. Ndani ya uboho zipo seli chache ambazo wataalamu huziita seli shina. Seli shina hugawanyika, na watoto wake huchukua njia mbalimbali: wengine huelekea kuwa chembe nyekundu, wengine chembe nyeupe, na wengine hukua na kuwa seli kubwa kuliko zote zilizomo ubohoni, ziitwazo megakariositi. Seli hii kubwa haigawanyiki kama nyingine. Hujaza kiini chake maradufu mara kadhaa, hunenepa, kisha huchomoza vidole vyembamba kupitia kuta za mishipa ya damu iliyo karibu yake, na vidole hivyo hukatika vipande vipande ndani ya damu inayopita. Vipande hivyo ndivyo chembe sahani. Megakariositi moja huweza kutoa maelfu ya vipande. Kazi yake ni kuziba tundu lolote linalotokea katika mshipa, na maisha yake ni mafupi: siku 7 hadi 10 tu. Ndiyo maana kiwanda hakiwezi kusimama siku chache bila pengo kuonekana. Kwa mtu mwenye afya, katika milimita moja ya ujazo ya damu huwamo chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000. Kwa mgonjwa wa dengue mara nyingi hushuka chini ya 100,000, na kwa wengine hufika 20,000 au pungufu.

Sasa tumfuate mbu. Mbu wa aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, wakati chandarua kimekunjwa. Anapouma huacha virusi ngozini pamoja na mate yake. Ngozini mna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kukamata kila kigeni na kukipeleka kwenye tezi za kinga. Zinakamata kirusi, nacho kinazigeuza kuwa chombo chake cha usafiri. Kutoka kwenye tezi huingia katika damu, na damu hukifikisha kwenye ini, wengu na uboho. Uboho una mishipa mingi mipana ambamo damu hupita polepole, nazo kuta za mishipa hiyo zina upenyo, kwa sababu chembe mpya lazima zipate mahali pa kutokea. Mlango unaotoa chembe kwenda nje ni huo huo unaoweza kumwingiza adui. Kwa kawaida homa huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu, na virusi huwa vimeanza kuzunguka katika damu siku moja au mbili kabla ya homa hiyo. Maana yake ni kwamba mtu anapojisikia baridi ya kwanza na kutafuta shuka, virusi vimekwisha kuifikia mifupa yake.

Namna kinavyoingia ndani ya seli ni jambo la kustaajabisha. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi, ambavyo seli hutumia kupokea vitu inavyovihitaji. Kirusi hujishikiza kwenye vipokezi hivyo, na seli, ikidhani imepata kitu cha kumeza, hukivuta ndani katika kifuko. Kifuko hicho hutiwa asidi ili kuyeyusha kilichomo. Asidi hiyo ndiyo inayokifungulia kirusi njia: protini za gamba lake hugeuka umbo, gamba huungana na ukuta wa kifuko, na kilichomo ndani, yaani uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 11,000, humwagika katikati ya seli. Uzi huo husomwa na mitambo ya seli kana kwamba ni amri iliyotoka kwa mwenye nyumba. Seli hutengeneza protini 10 kufuatana na amri hiyo, tatu za kujenga miili ya virusi vipya na saba za kuendesha kazi ya kuzidisha uzi na kupumbaza kinga. Mojawapo ya hizo saba, iitwayo NS1, hutoka na kuelea katika damu, nayo ndiyo inayotafutwa na kipimo cha haraka cha dengue katika siku za kwanza za homa.

Je, tunajuaje kwamba hayo hutokea ubohoni, wala si kwenye damu peke yake? Ushahidi ulikusanywa polepole. Mwaka 1960 Thailand ilipatwa na mlipuko wa homa ya dengue yenye kutoa damu, ambao uliwapata hasa watoto. Watafiti Nelson na Bierman pamoja na wenzao walichukua uboho wa baadhi ya wagonjwa na kuutazama kwa hadubini. Katika siku za mwanzo za homa waliukuta umepungukiwa seli, na megakariositi zimesimama katikati ya ukuaji wake, kama mahindi yaliyokosa mvua kabla ya kubeba. Siku za baadaye waliukuta umejaa tena. Mwaka 1989 Neal Young na wenzake nchini Marekani walionesha katika maabara kwamba kirusi cha dengue huweza kuzaliana ndani ya seli changa za uboho wa binadamu. Wengine walikikuta pia katika seli za tegemeo, zile zinazotandaza matandiko ambamo seli za damu hulelewa. Kisha mwaka 2012 yakatoka matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa kima wa aina ya rhesus na kwa uboho wa binadamu uliowekwa maabarani: katika siku za mwanzo kabisa, seli zilizokutwa na virusi kwa wingi zilikuwa za ukoo wa megakariositi, yaani mama wa chembe sahani. Baadaye virusi vilionekana zaidi katika seli zinazomeza takataka na mabaki ya seli zilizokufa.

Hospitali zimeleta ushahidi mwingine, wa kusikitisha. Puerto Rico iliripoti katika miaka ya 1990 mgonjwa aliyepata dengue kupitia uboho aliopandikizwa. Nchini Ujerumani, mwaka 2013, mgonjwa aliyepewa seli shina za damu kutoka kwa mtoaji aliyekuwa ametoka safarini Sri Lanka aliambukizwa dengue na kufariki siku chache baadaye. Mtoaji alikuwa ametenda tendo la upendo, na hakujua alichokibeba. Ndiyo sababu vituo vya kupokea seli na damu huuliza kwa makini juu ya safari na homa za karibuni, na tunawaomba waamini wanaojitolea damu wasione maswali hayo kuwa ni usumbufu.

Lakini kirusi chenyewe hakitoshi kueleza kupungua kote kwa seli ubohoni. Seli zilizoambukizwa ni sehemu tu, ilhali kiwanda karibu chote hupunguza kasi. Sababu nyingine ni kelele ya vita. Seli za kinga zinapomtambua adui hutoa kemikali za kuitana na kuonya, nazo kemikali hizo, zikizidi, huziambia seli changa za damu zisimame. Watafiti La Russa na Innis, walioandika juu ya suala hili mwaka 1995, walipendekeza maelezo ambayo sisi tunayaona yana uzito: kwamba huenda uboho unajifunga kwa makusudi. Kirusi hupenda seli zinazochapa kazi na kugawanyika. Kwa kuzima moto jikoni kwa siku chache, mwili unamnyima kirusi mahali pa kuzaliana na kuziokoa seli shina, ambazo zikipotea hazina mbadala. Hayo ni maelezo yaliyopendekezwa, hayajathibitishwa kwa kila hatua, lakini yanakubaliana na kile kilichoonekana Thailand: uboho hunyamaza mapema, kisha huamka wenyewe.

Hapa ndipo pana jambo ambalo tungependa kila familia ilielewe, kwani linabadili namna ya kumhudumia mgonjwa. Uboho hunyamaza katika siku tatu nne za kwanza za homa, wakati namba ya chembe sahani pengine bado ni nzuri. Namba hufikia chini kabisa siku ya nne hadi ya saba, mara nyingi homa inapokuwa inashuka. Siku hizo, wakati ndugu wanapigiana simu kwa hofu kwa sababu karatasi ya maabara inaonesha 30,000, uboho kwa kawaida umekwisha kuanza kazi tena, ila mazao yake bado hayajafika sokoni. Chembe nyingine hupotea huko huko katika damu: kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya kirusi huzishika chembe sahani kwa makosa, nyingine huamshwa bila sababu na kuliwa na wengu na ini. Kwa hiyo namba ya leo ni matokeo ya uzalishaji uliopungua siku zilizopita na upotevu unaoendelea. Haitupi habari kamili ya hali ya mgonjwa saa hii.

Kinachoua zaidi katika dengue si upungufu wa chembe sahani kwa peke yake. Ni kuvuja kwa mishipa. Kuta za mishipa midogo hulegea, maji ya damu hutoka na kujikusanya tumboni na kifuani, damu inayobaki huwa nzito, shinikizo hushuka, na mgonjwa huweza kuzimia na kufa hali mwilini mwake hamna jeraha. Hatari hiyo huja homa inapoondoka, siku ambayo familia hushukuru na kumtoa mgonjwa hospitali. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, kupumua kwa shida, ulegevu au kutotulia: mgonjwa mwenye lolote kati ya hayo arudishwe kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama paji la uso limepoa. Akipewa maji kwa kipimo sahihi, wengi hupona. Palipo na huduma nzuri, vifo huwa chini ya mmoja katika kila wagonjwa mia.

Je, kuongezewa chembe sahani kunasaidia? Hapa tuna jibu lenye uzito. Watafiti wa Singapore na Malaysia walifuatilia watu wazima 372 wenye dengue, ambao chembe sahani zao zilikuwa 20,000 au pungufu na ambao hawakuwa wakitoka damu nyingi. Nusu yao waliongezewa chembe sahani, nusu walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliotoka damu walikuwa asilimia 21 katika kundi la kwanza na asilimia 26 katika la pili, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitisha faida, na madhara yaliyotokana na matibabu yalikuwa mengi zaidi kwa walioongezewa. Mgonjwa anayetoka damu nyingi ni suala jingine, na daktari ndiye mwenye kuamua. Lakini familia isiyo na uwezo isikope fedha na kuzunguka mji mzima kutafuta chembe sahani kwa sababu tu namba imeshuka. Tumeona mikopo ya namna hiyo, nayo hudumu kuliko ugonjwa.

Vivyo hivyo juu ya maji ya majani ya mpapai na dawa nyingine zinazosifiwa mitaani. Mgonjwa akinyweshwa siku ya sita na namba ikapanda siku ya nane, kila mtu atasema dawa imefanya kazi. Ila uboho ulikuwa umeamka kabla kikombe hakijafika mdomoni. Hatumlaumu anayempikia mgonjwa wake kwa upendo. Tunachokataa ni kumwacha nyumbani kwa sababu ya kikombe hicho.

Kuhusu dawa za dukani hatutakuwa wapole. Diklofenaki, aibuprofeni na aspirini hutumiwa sana kwetu kwa maumivu ya mwili, na wapo wanaodungwa sindano ya diklofenaki kila wanapolalamika mifupa. Dawa hizi huzidhoofisha chembe sahani zilizobaki, tena hukwaruza tumbo. Kumpa mgonjwa wa dengue ni kuchukua walinzi wachache waliosalia na kuwafunga mikono. Kwa homa na maumivu dawa inayofaa ni parasetamoli, kwa kipimo kilichoelekezwa, pamoja na maji mengi ya kunywa.

Wapo wanaodhani aliyeugua mara moja amekwisha kujikinga. Virusi vya dengue ni vya aina nne, na kuugua aina moja hukinga kwa kudumu dhidi ya aina hiyo tu. Mtu akipatwa na aina nyingine baadaye, kingamwili za zamani huweza kukishika kirusi kipya bila kukiua na kukisindikiza hadi ndani ya seli za kinga, jambo ambalo Scott Halstead alilieleza kutokana na kazi yake huko Bangkok. Kwa sababu hiyo ugonjwa wa mara ya pili mara nyingi huwa mkali zaidi, na aliyeugua mwaka 2014 au 2019 ana sababu ya ziada ya kufunika pipa la maji na kumwaga maji ya tairi kuukuu lililo uani.

Kwa walio wengi, chembe sahani hurudi katika kiwango chake ndani ya siku chache baada ya homa kuisha, ingawa uchovu huweza kubaki wiki kadhaa, na mtu asijilazimishe kurudi shambani au kazini upesi. Mara chache sana madaktari wameeleza wagonjwa ambao uboho wao haukuamka vizuri baada ya dengue. Kwa hiyo aliyekwisha kupona homa lakini, baada ya wiki tatu, bado anapauka, anachoka kwa hatua chache, anapata michubuko bila kujigonga au homa nyingine zinazofuatana, apimwe damu tena, na amweleze daktari tarehe aliyougua dengue.